Siku Kanisa Liliposhuka Kilima

Ujumbe ulimfikia Kavata Jumamosi asubuhi, akiwa uani anapepeta ndengu za mbegu. Ulitoka kwa msimamizi wa wahudumu wa afya kule Kyuso, mwanamke asiye na maneno mengi, na hata ujumbe wake ulikuwa mfupi: kuanzia Jumatatu alasiri kutakuwa na mvua kubwa na upepo mkali, walio kando ya mto wahame, mapaa yafungwe, na mtu yeyote asijikinge chini ya mti wala ndani ya jengo la mabati matupu.

Kavata aliusoma mara mbili. Akaweka ungo chini, akainua macho kutazama kilimani.

Pale juu, peupe, pasipo hata kichaka cha kuzuia upepo, palisimama kanisa la mumewe. Kuta mabati, paa mabati, nguzo za mkaratusi. Jua likilipiga, mtu anayetoka Kyuso huliona likimetameta kabla hajaliona soko la Mukonde lenyewe. Mchungaji Kitonga alikuwa amelijenga kwa miaka, kidogo kidogo, na kila mtu wa Mukonde alikuwa amebeba kitu: akina mama maji na mchanga, vijana nguzo, na mzee Kiilu, baba mzazi wa mchungaji, ndiye aliyetoa ardhi. Kusema neno baya juu ya jengo lile ilikuwa sawa na kusema neno baya juu ya mtoto wa mtu.

Lakini Kavata hakuzaliwa Mukonde. Alizaliwa milima ya Kilungu, kule Makueni, ambako mashamba yamening'inia kwenye miteremko na upepo ukishika bonde hupanda nalo kama mwendawazimu. Alipokuwa msichana mdogo, upepo wa namna hiyo uliling'oa paa la jiko la shangazi yake Wavinya. Hakuusahau ule mlio, mabati yakilia kama mbuzi aliyeshikwa na fisi. Bati moja lilimkata shangazi begani, na mkono ule haukuinuka tena mpaka siku alipozikwa.

Ndiyo sababu yale maneno mawili ya mwisho, mabati matupu, yalimwingia kama mwiba.

Alivaa aproni yake ya uhudumu wa afya, ile ya bluu ambayo watu walikuwa wamezoea kuiona akija kupima watoto uzito na kuwakumbusha wajawazito kliniki, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Redio ya Kikamba nayo ilikuwa inatangaza habari hiyohiyo. Naibu wa chifu alipita na pikipiki, kipaza sauti mkononi, akapiga kelele sokoni, akaenda zake.

Watu walicheka.

"Mama Mchungaji, hii mvua yenu ni ile ya mwaka juzi?" aliuliza Nzioka, kijana wa bodaboda, akiwa amejilaza juu ya pikipiki yake kama kitandani. "Mwaka juzi mlituambia tuvune haraka. Tukavuna ndengu mbichi, zikaoza kwenye magunia, na mbingu ikabaki safi kama sahani."

Wenzake wakaangua kicheko. Kavata alijua kwamba ilikuwa kweli. Mwaka juzi yeye mwenyewe ndiye aliyepita na aproni ileile.

"Nzioka," akasema mwishowe, "nikikosea tena utanicheka mpaka uchoke. Lakini Jumatatu asubuhi utanisaidia kuwahamisha watu wa mtoni?"

Nzioka alikuna kichwa. "Kuwabeba nitawabeba, mama. Kazi yangu ni kubeba."

Jioni ile, mumewe alirudi kutoka kutembelea wagonjwa, akaoga, akaketi kula. Kavata alingoja amalize kijiko cha kwanza cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Kabla hajafungua mdomo, mchungaji akatangulia.

"Nimesikia habari ya hii dhoruba. Nimewaita watu wote. Jumatatu kuanzia saa tisa tutafunga na kuomba kanisani mpaka ipite."

"Baba Syombua," Kavata akamwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni Mwingi, "si kanisani."

"Kwa nini si kanisani?"

"Ujumbe unasema watu wasikae kwenye mabati matupu. Na pale juu hakuna kizuizi. Upepo ukitoka huku tambarare hautapata kitu cha kuupunguza nguvu mpaka ugonge ukuta wetu."

"Zile nguzo nilizichimbia mimi mwenyewe."

"Najua."

"Basi unaogopa nini? Wewe umekuja na upepo wenu wa Kilungu kichwani." Alisema kwa upole, karibu kwa mzaha, na upole ule ndio uliomuuma Kavata zaidi. "Watu wana hofu, Mama Syombua. Ulitaka niwaambie waikimbie nyumba ya Mungu siku ya shida?"

Alimwambia tena wakati wa kuosha vyombo. Akamwambia mara ya tatu walipokuwa wanalala, naye mchungaji akageukia ukutani, akasema, "Tuombe tu."

Jumapili alfajiri, kabla ya ibada, Kavata alishuka sokoni kwa Faki. Faki alikuwa mnunuzi wa ndengu. Babake alitoka pwani zamani akafungua duka Mwingi, na Faki mwenyewe alikuwa amekaa Mukonde mpaka Kikamba chake hakikuwa na kasoro, ila pale alipokasirika. Alikuwa na stoo kubwa ya mawe, juu imefunikwa kwa zege, kwa kuwa hakutaka mwizi wala mvua ipate njia. Ndilo jengo pekee pale sokoni ambalo Kavata alilitazama bila kuona bati.

Alimweleza. Faki alimsikiliza huku akizungusha kofia yake kidoleni.

"Stoo ina magunia mpaka nusu," akasema. "Na watu wakiingia na watoto, na mbuzi, na matope..."

"Faki," mkewe Mwanamisi aliita kutoka ndani, ambako walidhani hasikii. "Wewe unaulizwa habari ya watu, unajibu habari ya gunia?"

Faki alitabasamu kwa shida. "Magunia tutayasukuma ukutani," akasema. Kisha akamkazia Kavata macho. "Lakini mchungaji anasemaje? Nisije nikaonekana ninawavuta watu wake kutoka kanisani."

"Bado hajasema," Kavata akajibu, na sauti yake ikamsaliti.

Mwanamisi alitoka, akamshika mkono. Kavata alijua kwamba ameelewa yote.

Ibada ilijaa siku hiyo. Watu wenye hofu huja kanisani mapema. Kavata aliketi safu ya mbele mahali pake pa siku zote, akisikia mahubiri kama mtu anayesikia maji yakitiririka mbali. Wakati wa matangazo ulipofika, mzee wa kanisa, Musembi, alisoma habari za harusi na za vikundi vya akina mama, akatangaza maombi ya Jumatatu, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Kavata alisimama. Hakuwa ameamua kusimama. Miguu yake ndiyo iliyoamua.

"Bwana asifiwe," akasema, na watu wakaitikia kwa furaha, wakidhani ni ushuhuda. "Kesho naomba msipande huku kilimani. Walio na nyumba nzuri wafunge mapaa, wakae kwao. Wa mtoni, na wenye nyumba dhaifu, waende stoo kwa Faki. Ni ya mawe. Tumezungumza naye, na amekubali."

Mtoto mmoja alikohoa, mamake akamziba mdomo.

Musembi aliangalia upande wa madhabahu, akarudisha macho kwa Kavata. Alikuwa mtu mwema, Musembi, na hakupenda kumwaibisha mtu. Lakini swali lilikuwa swali. "Mama, mchungaji ametuita, na wewe unatufukuza. Tumsikie nani?"

Kila mtu alimtazama mchungaji. Mchungaji Kitonga alikuwa ameinamia Biblia yake, kidole juu ya mstari, kama mtu aliyepoteza mahali alipokuwa anasoma. Kisha akasema, "Tusimame tuimbe."

Hawakurudi nyumbani pamoja. Kavata alimkuta mumewe sebuleni, bado amevaa koti.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Nilikuambia nyumbani. Mara tatu."

"Na mimi nilikujibu. Kujibiwa si lazima kuwe kukubaliwa." Alikaa chini kwa kishindo. "Unajua watakavyosema? Watasema nyumbani kwa mchungaji kuna maono mawili."

"Wacha waseme. Nitavumilia maneno, Baba Syombua. Sitavumilia kuokota watu."

Mchungaji alivua koti, akatoka nje. Na hiyo siku nzima iliyobaki walizungumza habari ya chumvi, na maji, na mlango, basi.

Jumatatu iliamka na jua kali. Hapakuwa na wingu hata moja, na Kavata alilitazama lile jua kwa chuki, kana kwamba limepanda makusudi ili kumwaibisha. Sokoni walikuwa wanamwamkia kwa kicheko kilichofichwa nusu. Hata hivyo Nzioka alikuja kama alivyoahidi, na tangu asubuhi mpaka mchana alikuwa anakwenda mtoni na kurudi, mara na bibi kizee mwenye kuku mapajani, mara na godoro, mara na mama na mapacha wake. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walikuwa wamechimba visima humo na wanachota maji, nao walimwangalia Kavata akiwaambia habari ya mafuriko kama mtu anayeuza makoti ya baridi kiangazi.

"Mwaitu," alimwambia mmoja wao, mama mkongwe, akitumia neno la Kikamba la kumheshimu mama mtu mzima, "tutoke leo, tulale huko, kesho turudi?"

"Kesho mkirudi mkinicheka nitafurahi," Kavata akajibu.

Walikuja, wengi wao. Huenda ni jinsi alivyosema. Waliokuwa na mapaa mabovu walimsikiliza, na vijana wakayafunga kwa waya na kulaza magunia ya mchanga juu yake. Naibu wa chifu alirudi na kuwaonyesha namna ya kukata matawi yaliyoinamia nyumba. Mbuzi walipandishwa kutoka bondeni. Mwanamisi alijaza masufuria maji, akapanga kuni ndani ya stoo mahali ambapo hazingelowa.

Saa nane hivi, hewa ilisimama. Joto lilikuwa la kukaba shingo. Kavata alitambua kwamba hajasikia ndege kwa muda. Ng'ombe wa Musembi walikuwa wameketi wote chini, wakielekeza migongo yao upande mmoja. Alipotazama huko walikogeuzia migongo, upande wa mashariki, aliona mstari mweusi juu ya tambarare, mwembamba kama waya.

Na bado watu walikuwa wanapanda kilima. Vilemba vyeupe, Biblia kwapani, wanafunga na kuomba kama walivyoitwa. Waliompenda mchungaji na waliomwonea aibu kwa ajili ya mkewe, wote walipanda. Kisha Kavata akaona pikipiki ya jirani ikipanda polepole, na juu yake, akiwa ameshikwa kwa nyuma asianguke, mkwe wake, mzee Kiilu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ametoka kwake kwa sababu ya kifua na magoti.

Mstari mweusi ulikuwa umenenepa. Sasa ulikuwa ukuta.

"Mwanamisi," akasema, "niangalizie watu hawa."

"Unaenda wapi?"

"Juu."

Alipofika nusu ya njia, vumbi lilimpiga usoni. Halikuwa bado upepo wenyewe, lilikuwa kama mtu anayemsukuma mwenzake ili amjaribu. Alijifunga lesso kiunoni, akakaza mwendo. Kanisani walikuwa wanaimba. Waliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama watu wanaofukuza kitu, na kati ya ubeti na ubeti Kavata alisikia ule mlio wa zamani: kreee, kreee, misumari ikijivuta kwenye mbao.

Aliingia kwa mlango wa pembeni, na alichokiona kwanza ni mkono wa mumewe.

Mchungaji Kitonga alikuwa amesimama kando ya nguzo kubwa ya upande wa mashariki. Kiganja chake kilikuwa juu yake, na midomo yake ilikuwa inaomba, lakini macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anatazama chini, pale nguzo ilipoingia ardhini. Udongo ulikuwa umepasuka kuizunguka. Kila upepo ulipopuliza, nguzo ilijiinua kidogo na kurudi, kama jino bovu.

Kavata alisimama kando yake. Kwa muda waliitazama pamoja.

"Tangu saa ngapi?" akamnong'oneza.

"Tangu walipoanza kuingia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nikiwaambia watoke sasa, watasema nimeogopa."

"Umeogopa?"

"Ndiyo."

"Basi waambie hivyo."

Alimtazama mkewe, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaondoa kiganja chake kwenye nguzo, akainua mikono yote miwili, na wimbo ukakatika vipande vipande mpaka ukanyamaza.

"Ndugu zangu," akasema. "Nataka niwaambie ukweli. Mimi nimeogopa. Hii nguzo inang'oka. Niliichimbia mwenyewe, na inang'oka. Tushuke sote, twende kwa Faki."

Mnong'ono ukapita kama moshi. Musembi alisimama, uso wake umejaa maumivu. "Mchungaji, na imani?"

"Imani tunashuka nayo, Musembi. Fungua milango."

Bati moja la pembeni likajikunja juu kwa kishindo, na mwanga wa ajabu, wa rangi ya shaba, ukaingia. Hapo hapakuwa na swali jingine. Akina mama walipiga mayowe, watoto wakakimbilia mlango mmoja, na Kavata akajua kwamba wakitoka hivyo watakanyagana. Alipanda juu ya benchi.

"Lesso!" akapaza sauti. "Kila mama afungue lesso! Fungeni pamoja, moja na nyingine. Watoto katikati. Hakuna kuachilia!"

Walifunga. Walitoka hivyo, mnyororo mrefu wa lesso za maua na za maandishi, kila mtu ameshika fundo, wakainama na kushuka. Mvua iliwakuta njiani. Haikuanguka, ilirushwa, matone mazito kama kokoto yakiwapiga ubavuni. Mtu aliyekuwa mbele alianza kuimba tena, labda kwa hofu, na wengine wakaupokea wimbo kwa vipande, upepo ukila maneno mengine.

Kavata alikuwa nyuma kabisa. Aligeuka kumtafuta mumewe na hakumwona.

Alirudi mbio. Ndani ya kanisa, mzee Kiilu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, ameshika fimbo kwa mikono miwili, na mwanawe amepiga magoti mbele yake.

"Mimi ndiye niliyetoa hii ardhi," mzee alikuwa anasema. "Sitaondolewa juu yake na upepo."

"Baba, nakuomba."

"Nyinyi nendeni."

Kavata hakuwa na desturi ya kumkaribia mkwe wake kwa maneno makali. Tangu aolewe alimsalimu akiwa mbali kidogo, macho chini, kama inavyostahili. Sasa alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya kiti. "Baba," akasema, "nisamehe," akamnyang'anya fimbo.

Mzee aliduwaa. Katika kuduwaa kwake, mchungaji akageuza mgongo, akamvuta juu, akamweka mgongoni kama mtoto. Wakatoka.

Walikuwa wamefika kwenye ile miamba ya katikati ya mteremko ndipo kanisa lilipokwenda. Kavata hakuona, alisikia tu: mngurumo, kisha kelele ndefu ya chuma, kisha mabati yakipita juu ya vichwa vyao, yakizunguka, mengine yakielea kana kwamba hayana haraka. "Lala!" akapiga kelele. Walianguka chini kwenye tope, mchungaji juu ya babake. Bati lilitua kando yao, likaruka tena, na pembe yake ikapita kwenye mguu wa mchungaji chini ya goti.

Hakulia. Alisema tu, "Mama Syombua," kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Kavata alikuwa amebakiwa na kilemba chake. Alikifunga juu ya kidonda, akakaza kwa nguvu zote, akaona damu ikipunguza kasi. Kisha akaona watu wawili wakipanda kuwajia, wameinama karibu kutambaa: Nzioka na Musembi. Musembi alimchukua mzee. Nzioka akamshika mchungaji kwapa.

"Kubeba ni kazi yangu," Nzioka akasema, meno yakimgongana, na hapakuwa na mzaha ndani yake.

Stoo ya Faki ilikuwa imejaa mpaka juu ya magunia. Harufu ya ndengu, ya watoto, ya mbuzi waliolowa. Mwanamisi aligawa uji kwa vikombe na kwa vifuniko vya chupa za chai. Faki alikuwa amesimama mlangoni akiuzuia kwa bega, na kila kishindo kilipopiga zege juu yao, watu waliinama wote kwa pamoja, kisha waliinua macho polepole, na zege lilikuwa bado lipo. Waliomba, kila mmoja kwa njia yake. Baadaye waliusikia mto. Wale wanawake wa visima waliusikia wa kwanza, wakatazamana, na yule mama mkongwe akamshika Kavata mkono na hakuuachilia mpaka kulipokucha.

Asubuhi kilima kilikuwa uchi. Nguzo chache zilisimama zimeinama, na mabati yalikuwa yametawanyika mashambani na kwenye miti ya miiba. Mto ulikuwa umebeba nyumba za ukingoni zote, pamoja na mabanda na mashamba ya chini. Hapakuwa na mtu aliyezolewa. Watu walihesabiana, wakahesabiana tena, wasiamini.

Lakini mzee Kiilu alikuwa anatetemeka. Alilowa sana, na kifua chake hakikuwa kifua cha kulowa. Kavata alisikiliza pumzi zake, akajua, na akajua pia kwamba njia ya Kyuso imekatwa na maji. Walimfunika mablanketi, wakampa dawa alizokuwa nazo, wakangoja mto. Maji yaliposhuka, Nzioka alimvusha, na hospitalini walijitahidi. Mzee alifariki kabla ya wiki kuisha, akiwa amemshika mwanawe mkono, akilalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari.

Walimzika kwake. Mchungaji aliongoza maombi akiegemea mkongojo. Si wote waliokuja. Baadhi ya familia zilikuwa zimeanza kwenda kanisa jingine upande wa Kyuso, wakisema hawawezi kukaa chini ya mchungaji aliyetangaza hofu yake mbele ya madhabahu. Wengine walisema ni Kavata aliyeuita upepo kwa mdomo wake. Kavata aliyasikia yote hayo kisimani, akajaza mtungi wake, akaondoka.

Siku moja baada ya mazishi, walikuwa wameketi nje, yeye anambadilishia bandeji.

"Ningekusikia Jumamosi," mchungaji akasema, "baba angekuwa hai."

Kavata aliendelea kuzungusha kitambaa. "Labda. Na labda angekataa kutoka nyumbani kwake, na paa lake lenyewe liliruka. Unamjua."

"Unasema hivyo kunituliza."

"Nasema hivyo kwa sababu sijui, Baba Syombua. Sijui kweli."

Mchungaji alitazama kilimani. Baadaye akasema, bila kumtazama, "Niliogopa tangu Jumamosi. Ulipotaja mabati tu, niliogopa. Ndiyo sababu nilikasirika."

Kavata alifunga fundo la bandeji. Kisha akaacha mkono wake juu ya goti la mumewe.

Kamati ya kanisa ilikutana kuhusu mabati yaliyookotwa. Wengine walitaka yahifadhiwe mpaka kanisa lijengwe upya. Mchungaji aliwasikiliza, kisha akasema kuna watu wanaolala chini ya turubai na watoto, na kwamba kanisa litangoja. Walibishana mpaka wakachoka, ndipo wakakubali.

Alhamisi mchungaji alikodi mkokoteni wa punda, akapakia mabati yaliyonyooshwa kwa nyundo, akaenda nayo kwa Musembi. Musembi alikuwa mmoja wa walioondoka kanisani. Alimbeba babake mchungaji kilimani, na Jumapili iliyofuata hakuja. Nyumba yake ilikuwa imebaki kuta tu, na mkewe alikuwa anapika chini ya mti.

Kavata alikuwa kando ya mkokoteni, mfuko wa misumari mkononi. Musembi alitoka, akayatazama mabati. Aliyatambua. Yeye mwenyewe alikuwa amepigilia mengine.

"Hii ni mali ya kanisa," akasema.

"Ndiyo," mchungaji akajibu, akiegemeza mkongojo kwenye gurudumu. Alishika bati la juu kwa upande mmoja. "Shika upande huo."

Mkewe aliacha kukoroga. Kisha Musembi akapangusa mikono yake kwenye suruali, akaja, akashika.